Kitega au Gitega? Kuandika Majina ya Mahali katika Historia ya Ukoo

Utangulizi

Mtu anayeanza kuandika historia ya ukoo wake huhangaika sana na majina ya watu na tarehe. Majina ya mahali huyaandika harakaharaka, kwa kuwa watu hufa na tarehe husahaulika, lakini kilima hakihami. Ni kweli kwamba kilima hakihami. Hata hivyo jina lake hubadilika, mkoa wake hubadilika, na mara nyingine hata nchi yake hubadilika. Mtu aliyezaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1955 na kuishi papo hapo hadi leo, amepita katika eneo la Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, katika Ufalme wa Burundi na katika Jamhuri ya Burundi. Tangu enzi ya Jamhuri amehesabiwa kuwa mkazi wa Mkoa wa Bururi, kisha Mkoa wa Rumonge, na sasa Mkoa wa Burunga. Hayo yote yametokea bila yeye kuhamisha hata mkeka wake.

Insha hii inajadili namna ya kuandika majina ya mahali kwa utaratibu mmoja katika utafiti wa historia ya ukoo. Mifano yangu inatoka Burundi na nchi jirani ambako Warundi walifika. Hoja yangu ni kwamba jina lililomo katika hati linapaswa kuandikwa kwanza, jinsi lilivyo, na jina la leo lifuate kama maelezo. Nina sababu mbili. Kwanza, jina la zamani ni ushahidi wa historia. Pili, jina la leo nalo ni la muda tu. Nitaonyesha pia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wa pekee katika kazi hii, maana majina kadhaa katika hati zetu yaliandikwa kwa sikio la Kiswahili.

Nchi moja, tabaka nyingi za majina

Mtafiti wa Burundi hukutana na hati za tawala mbalimbali. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1912 wakaanzisha makao ya utawala wao Kitega. Wakati huo eneo letu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, pamoja na Rwanda na Tanganyika. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia. Baadaye Shirikisho la Mataifa liliwakabidhi Ruanda-Urundi kama eneo la udhamini, na mwaka 1925 wakaliunganisha kiutawala na Kongo yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili Umoja wa Mataifa ukachukua nafasi ya Shirikisho hilo. Tarehe 1 Julai 1962 Burundi na Rwanda zikapata uhuru, kila moja kwa njia yake, na Usumbura ikaitwa Bujumbura.

Mabadiliko hayakuishia kwenye uhuru. Mwaka 2015 Mkoa wa Rumonge ulikatwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, na idadi ya mikoa ikafika 18. Mwaka 2019 Gitega ikawa makao makuu ya kisiasa. Kisha sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, ikapunguza mikoa kutoka 18 hadi 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Tarafa nazo zikapungua kutoka 119 hadi 42.

Tabaka hizi zina athari kwa mtafiti. Mjukuu anayeishi Ulaya akikuta karatasi ya babu yake imeandikwa “Ruanda-Urundi” anaweza kudhani kwamba babu alitoka Rwanda. Mwingine akiona jina la Kongo ya Wabelgiji kwenye karatasi ileile anaweza kwenda kutafuta asili yake Bukavu au Kalemie. Hata noti za fedha za miaka ya 1950 zilibeba majina ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi kwa pamoja. Mtu hawezi kuelewa jina la mahali katika hati bila kujua hati hiyo iliandikwa mwaka gani na serikali ipi.

Sikio la Kiswahili katika hati

Tuchukue majina mawili, Urundi na Kitega. Wenyeji kwa lugha yao husema Uburundi na Gitega. Kwa nini basi hati za Wajerumani, na baada yao za Wabelgiji, zina maumbo tofauti? Jibu tunalo sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Kiswahili hutumia kiambishi U- kutaja nchi ya watu fulani: Unyamwezi, Uha, Urundi. Lugha nyingi za Maziwa Makuu zina Bu- mahali hapo. Jina la nchi ya Uganda lenyewe ni umbo la Kiswahili la Buganda. Kuhusu Kitega, Kirundi kina kanuni ya sauti inayogeuza k ya kiambishi kuwa g pale ambapo konsonanti inayofuata si ghuna, kwa mfano t au s. Ndiyo sababu kitabu cha Kiswahili ni igitabo katika Kirundi. Kiswahili hakina kanuni hiyo. Kwa hiyo Gitega ya wenyeji ikawa Kitega, na huko Rwanda Gisenyi ikaandikwa Kisenyi, au Kissenji kwa tahajia ya Kijerumani.

Maumbo haya hayakutokea kwa bahati. Utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ulifanya kazi zake nyingi kwa Kiswahili, na askari, wakalimani na wafanyabiashara waliokuja nao walizungumza lugha hiyo. Mwenyeji alitamka jina kwa Kirundi, nalo likapita katika kinywa cha Kiswahili kabla ya kufika kwenye kalamu ya Mzungu. Mtafiti anayenakili hati ya mwaka 1938 na “kusahihisha” Kitega kuwa Gitega anafuta safari hiyo yote. Msomaji wake atadhani kwamba karani aliandika kama wenyeji walivyosema. Umbo la zamani si kosa la kufuta. Linatuambia nani alikuwepo wakati jina linaandikwa.

Jambo hili lina faida ya vitendo pia. Anayetafuta jina katika orodha za zamani atafute penye U na penye Bu, penye K na penye G, na pia penye L na penye R, kwa kuwa sauti hizo mbili hubadilishana sana katika hati za eneo letu. Muyinga imeandikwa Muhinga katika hati za Wabelgiji, na Ujiji ya Tanzania imeandikwa Udjidji katika ramani za Wajerumani. Anayetafuta umbo moja tu atarudi mikono mitupu ilhali hati ipo.

Jina moja, mahali pengi

Tatizo la pili ni jina moja kutumika kwa mahali tofauti. Buyenzi ni mfano mzuri. Katika jiji la Bujumbura, Buyenzi ni mtaa maarufu wa Waswahili, ambako familia nyingi hutaja asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko. Kaskazini mwa nchi, Buyenzi ni eneo la asili la milima na kahawa, pande za Ngozi na Kayanza. Mtu akiandika tu “alizaliwa Buyenzi”, hatujui kama anamzungumzia mtoto wa mjini aliyekua karibu na msikiti au mtoto wa mkulima wa kaskazini. Historia za watu hao wawili ni tofauti kabisa: lugha, dini, kazi na njia ya kufika hapo walipo.

Nyanza nayo ina mtego wake. Katika lugha kadhaa za Maziwa Makuu neno hilo lina maana ya ziwa au maji mengi. Ipo Nyanza ya kusini mwa Burundi, iitwayo Nyanza-Lac, ipo Nyanza ya Rwanda iliyokuwa makao ya mwami, na upo mkoa wa zamani wa Nyanza nchini Kenya. Jina bila nchi halimsaidii mtu.

Wakati mwingine jina ni lilelile na mahali ni palepale, lakini ngazi ndiyo inayotofautiana. Gitega ni jina la mji, la tarafa na la mkoa, na mkoa wa leo ni mkubwa kuliko ule wa kabla ya mwaka 2025. Bujumbura vilevile ni jiji, na sasa ni jina la mkoa mpana unaofika mbali nje ya jiji. Anayesoma “Mkoa wa Bujumbura” lazima aulize: wa mwaka gani?

Tena kuna majina ya mdomoni ambayo hayamo katika orodha rasmi. Wazee wa Bujumbura bado huita mtaa wa Bwiza “Belge” na mtaa wa Ngagara “Ocaf”, kutokana na ofisi ya Wabelgiji iliyojenga nyumba za mtaa huo. Mzee akisema “nilioa nikiwa Belge”, hakuoa Ubelgiji. Mtafiti aandike neno la mzee kama lilivyotamkwa, kisha aeleze kwamba ni Bwiza.

Mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuandikiwa

Hati nyingi hazitaji mahali ambapo jambo lilitokea, bali mahali lilipoandikwa. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, na watu walitoka vilima vya mbali kwenda kusoma katekisimu na kubatizwa huko. Kadi ya ubatizo yenye jina Mugera inathibitisha kwamba mtu alibatizwa Mugera. Haithibitishi kwamba alizaliwa huko. Siku hizi hospitali za mjini zimechukua nafasi ya misheni katika jambo hili, maana mtoto huzaliwa hospitalini mjini na kuandikwa huko, lakini kilima chake ni kingine.

Katika ukoo wetu yupo babu mmoja wa upande wa mama ambaye ana karatasi tatu. Kadi ya ubatizo inataja Mugera. Kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji kinasema Kitega, Urundi. Karatasi aliyopewa ukimbizini Tanzania inasema Gitega, Burundi. Ndugu waliotengeneza mchoro wa ukoo kabla yangu walimweka mara mbili, kama ndugu wawili wenye jina moja, mmoja wa Mugera na mwingine wa Gitega. Walitafuta miaka kadhaa watoto wa yule “ndugu wa pili” ambaye hakuwahi kuwepo. Shangazi yake alipoulizwa alitaja kilima kimoja tu, na karatasi zote tatu zikaungana hapo, kwa kuwa Mugera yenyewe imo pande za Gitega.

Mfano huu unaonyesha kwamba katika Burundi nanga ya mahali ni kilima, yaani umusozi kama tunavyosema kwa Kirundi. Watu hawakuishi katika vijiji vilivyosongamana, bali walitawanyika vilimani, na kila mtu alijulikana kwa kilima chake. Tarafa na mikoa imekatwa na kuunganishwa juu ya vilima hivyo. Pamoja na kilima, majina ya maeneo ya asili kama Imbo, Mugamba, Bututsi, Kirimiro, Bweru na Kumoso yameishi muda mrefu kuliko mikoa. Mzee asiyejua jina la mkoa wake wa sasa atajua kama yeye ni mtu wa Mugamba au wa Imbo.

Waliovuka mpaka, na waliovukwa na mpaka

Kuna watu waliovuka mpaka, na kuna watu waliovukwa na mpaka. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza na Wabelgiji waligawana makoloni ya Wajerumani katika eneo hili, na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Leo imo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, mkoa ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Familia ya Bugufi inaweza kuwa na babu wa Urundi, baba wa Tanganyika na mtoto wa Tanzania, wote wakiwa wamezikwa kwenye kilima kimoja. Mtafiti akiandika “Tanzania” kwa wote watatu, atakuwa amempa babu nchi ambayo haikuwepo.

Wengine walivuka wenyewe. Wakati wa ukoloni Warundi wengi walikwenda kufanya kazi Buganda na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mzee anaposema kwamba baba yake alikwenda Manamba, asiyejua atafungua ramani kutafuta mji wa Manamba. Hautaupata. Manamba walikuwa vibarua wa mkataba, wale walioitwa kwa namba, na jina la watu likageuka kuwa jina la huko walikokwenda. Liandikwe, lakini lielezwe kuwa ni Tanganyika, na mtafiti aendelee kuuliza: ni shamba gani, karibu na reli ipi, pamoja na nani?

Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza Warundi wengi hadi Tanzania. Waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Katumba, iliyofunguliwa mwaka 1973 karibu na Mpanda, ilikuwa kwanza chini ya Mkoa wa Tabora, kisha Rukwa, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo ndugu watatu waliozaliwa katika nyumba moja ya Katumba wanaweza kuwa na karatasi zinazotaja mikoa tofauti.

Hapa suala la majina linaacha kuwa la wanafunzi na maktaba. Zaidi ya wakimbizi 160,000 wa mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania, na wengine wengi walirudi Burundi. Waliorudi walikuta mara nyingi ardhi yao ina watu wengine, hasa katika tambarare ya Imbo, pande za Rumonge, penye mashamba ya michikichi. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine kushughulikia migogoro hiyo. Mtu aliyeondoka akiwa na miaka mitano, akarudi akiwa na miaka zaidi ya arobaini, alikuwa na nini cha kuonyesha? Mara nyingi jina la kilima, jina la mto, jina la jirani. Kama wazazi wake walimwachia neno “Bururi” peke yake, alikuwa na mkoa mzima mkononi na hana shamba. Kama walimwachia jina la kilima, alikuwa na mahali pa kuanzia na majirani wa kuulizwa.

Utaratibu ninaopendekeza

Wapo wanaosema kwamba ni rahisi kugeuza majina yote kuwa ya leo ili msomaji aone haraka kwenye ramani. Ni kweli kwamba msomaji anahitaji msaada huo. Lakini aliyefanya hivyo mwaka 2014 aliandika Bururi kwa mtu wa Rumonge. Mwaka 2016 ilimlazimu kuandika Rumonge, na mwaka 2025 Burunga. Kila mara alifuta cha zamani akaweka kipya, na mwisho hakuna anayejua hati ilisema nini. Wengine husema tuache majina ya kale tu. Hao nao wanawafungia mlango vijana waliozaliwa ughaibuni, ambao hawajawahi kusikia Usumbura. Dawa ni kuandika yote mawili, kila moja kwa nafasi yake, kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, nakili jina kama lilivyo katika hati au kama lilivyotamkwa, pamoja na mwaka na aina ya hati. Pili, anza na mahali padogo ukielekea pakubwa: kilima, tarafa, mkoa, nchi. Pasipojulikana pabaki wazi, pasijazwe kwa kukisia. Tatu, taja ngazi: ni mji, tarafa, parokia au mkoa? Nne, eleza jambo lililotokea hapo: kuzaliwa, kubatizwa, kuandikishwa au kuzikwa. Tano, weka jina la leo na mwaka ulioliandika. Sita, ongeza alama zisizohama: mto, ziwa, soko la zamani, na chifu aliyetawala wakati huo. Swali “mlikuwa chini ya chifu gani?” hutenganisha vilima viwili vyenye jina moja haraka kuliko ramani.

Kwa mfano wa babu niliyemtaja, maandishi yatakuwa hivi:

Katika hati: Kitega, Urundi (kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji).
Ngazi: haikutajwa, huenda ni eneo la utawala, si mji.
Jambo: kuandikishwa.
Leo: Gitega, Mkoa wa Gitega, Burundi (2025).
Linganisha: Mugera (kadi ya ubatizo, parokia), Gitega, Burundi (karatasi ya ukimbizi).
Kilima: kwa maneno ya shangazi yake, hakijaonekana katika hati.

Mstari wa mwisho usidharauliwe. Atakayesoma baada yetu ana haki ya kujua lipi limetoka kwenye karatasi na lipi limetoka kinywani mwa mtu. Maneno ya shangazi yana uzito wake, na katika mfano huu ndiyo yaliyounganisha hati zote, lakini yasivalishwe joho la hati.

Mwisho, ukoo mzima ufuate utaratibu mmoja. Binamu mmoja akiandika Usumbura, wa pili Bujumbura, wa tatu Buja kama vijana wanavyosema, kila mmoja atakuwa sahihi na mchoro wao utakuwa na miji mitatu.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba majina ya mahali katika Burundi yamebadilika kwa sababu za utawala, za lugha na za uhamaji, na kwamba kuyageuza yote kuwa ya leo kunafuta ushahidi, huku kuyaacha yote ya kale kunamnyima msomaji njia. Jina la hati litangulie, la leo lifuate, na kilima kiwe nanga ya yote. Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili ninaongeza jambo moja. Tunapokuta Urundi au Kitega katika karatasi iliyochakaa, tunaona lugha tunayoisoma ikifanya kazi katika nchi yetu zaidi ya miaka mia iliyopita. Kazi yetu ya kwanza ni kuliandika jina hilo kama lilivyo. Vilima vina majina ambayo wazee wachache tu bado wanayajua, na tarafa mpya hazitayaandika yote. Tuwaulize sasa, wakiwa bado wanaweza kunyoosha kidole na kusema: pale.